Uzi: Mtu kameza jiki, mafuta ya taa, kostiki au vidonge. Kabla hujampa maziwa, soma hapa

Muuguzi_Rau

Wakuu habari za humu. Uzi huu ni wa sisi wa Moshi, Arusha na vijiji vyake, kuhusu vitu tunavyolala navyo chumba kimoja: jiki, sabuni ya maji, mafuta ya taa, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), dawa ya panya, vidonge vya mama mjamzito. Mtoto akinywa kimojawapo, jirani mmoja anakuja na maziwa, mwingine na yai bichi, wa tatu ameshakoroga maji ya chumvi ili atapike. Mara nyingi kitu alichomeza kingempita na kichefuchefu tu. Kinachomfikisha kwenye oksijeni ni alivyotapishwa.

Kwanza toa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa safi kilicholowa maji. Futa mashavu na ufizi, lakini kidole kisipite nyuma ya ulimi, maana hapo utamtapisha. Kama anaelewa, asukutue na kutema mara kadhaa. Nguo iliyomwagikiwa ivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kichwa kimelala upande wa jicho lililoingiwa ili maji machafu yasiende kwenye jicho lisiloingiwa.

Usimtapishe, kwa kidole wala kwa chumvi. Kitu kinachounguza kikipanda juu kinaunguza koo mara ya pili. Mafuta ya taa yakipanda yanaingia mapafuni. Aliyelegea akitapika anapaliwa na matapishi yake. Maji ya chumvi yenyewe ni hatari: chumvi nyingi kwenye damu ya mtoto huleta degedege, na inaweza kumuua. Hata ipekaki, dawa ya kutapishia ambayo familia za Marekani zilikuwa zikishauriwa kuiweka kabatini, chama cha madaktari wa watoto wa huko kiliacha kuipendekeza mwaka 2003. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele. Kama amelegea, mlaze ubavu wa kushoto, mdomo ukielekea chini.

Halafu tafuta majibu manne: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Kilo ziko kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo kadi iende pamoja na chupa. Chukua chupa yenyewe hata kama imekauka. Kwa kiasi, funda moja la mtoto wa miaka miwili ni kama kijiko cha chai, yaani mililita 5. Ukikumbuka chupa ilikuwa imefika wapi, jaza maji kwenye chupa nyingine inayofanana nayo kutoka alama ya sasa hadi pale, ukihesabu vijiko. Ni bora kuliko kumwambia daktari "kidogo tu".

Hospitali mara moja, bila kikao cha familia: akipumua kwa shida, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, udenda ukimtoka na hataki kumeza, sauti ikikauka au akikoroma akivuta hewa, akitapika damu, midomo ikibadilika rangi. Na kuna vitu ambavyo ukimeza unakwenda hata kama unacheka: kostiki, maji ya betri na asidi zote, mafuta ya taa na petroli, dawa za mimea na mifugo, dawa ya panya, betri ya kidonge (ile ndogo bapa ya saa), vidonge vya kuongeza damu, na piko. Hiyo ya piko msiipuuze. Ile nyeusi ya kupaka nywele na kuchorea ikimezwa huvimbisha ulimi na koo ndani ya saa chache, kisha inaharibu figo.

Ulizeni kwa kitu kimoja kimoja. Wataalamu wengine wapo humu, karibuni.

MamaWawili_Sakina

Ahsante dada muuguzi. Naomba tuanze na jiki, maana ndiyo iko kila nyumba. Na maziwa je? Huku kwetu bibi, shangazi, mpaka mwenye duka, wote watakwambia maziwa yanakata sumu.

Mfamasia_Mianzini

Mama, maziwa hayakati sumu. Yanachofanya ni kusuuza koo na kupunguza ukali wa kinachokwaruza, kazi ambayo maji ya kawaida nayo yanaifanya.

Jiki ya kufulia ina klorini ya maji kama asilimia 3 hadi 5. Mtoto akipiga funda moja, kwa kawaida atakunja uso, atakohoa, pengine atatapika mara moja, na koo litamwasha. Asukutue, kisha anywe maji au maziwa kwa kumeza kidogo kidogo: mtoto asizidi nusu kikombe, kama mililita 120, mtu mzima kikombe kimoja. Ukimjaza lita nzima tumbo linavimba na atatapika, yaani umemtapisha kwa mlango wa nyuma. Kaa naye saa chache ukimtazama. Akitapika tena na tena, akidondosha udenda, akilia anapomeza, au kama alikunywa zaidi ya funda moja au mawili, nendeni.

Hayo ni kwa jiki ya dukani peke yake. Klorini ya unga ya kutibu maji ya kisima na bwawa la kuogelea ina nguvu ya asilimia 65 hadi 70, na hiyo ihesabiwe kama kostiki. Na tafadhali, usimpe ndimu wala siki ili "kuua" jiki. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Ndiyo hiyo inayowakaba watu chooni wakichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi. Aliyeivuta atolewe nje kwenye hewa. Akiendelea kukohoa au kifua kikimbana, hospitali.

Kwenye maziwa kuna mahali yanasaidia kweli: dawa ya meno. Madini ya floraidi yanakamatwa na kalsiamu ya maziwa. Mtoto akilamba kidogo, mfute mdomo, basi. Akikamua na kumeza nusu ya tyubu kubwa ya watu wazima, mpe maziwa na umpeleke. Tyubu ya gramu 100 iliyoandikwa floraidi ppm 1,450 (sehemu 1,450 kwa kila milioni) ina kama miligramu 145, na kwa mtoto wa kilo 10 miligramu 50 tu ni sababu ya kuonwa na daktari.

Na kuna mahali yanadhuru. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, vinayeyuka kwenye mafuta. Maziwa, samli au chakula chenye mafuta vinaharakisha kuingia kwake kwenye damu, kwa hiyo mpe maji peke yake. Huyo naye aende hospitali hata kwa kidonge kimoja, kwa sababu wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kawaida katika nchi zenye malaria, na kwao naftalini hupasua chembe nyekundu za damu. Dalili zake zinachelewa siku 1 hadi 3: mkojo mweusi kama kahawa, macho ya njano, mtoto amepauka.

FundiSabuni_Pasua

Niingie kwenye sabuni, maana ndiyo kazi yetu na ndiyo inayofungwa kwenye chupa za maji ya kunywa.

Sabuni ya maji iliyokamilika na kupimwa vizuri haiunguzi sana. Tatizo ni malighafi yake. Salfoniki ni asidi kali, nzito, ya rangi ya kahawia, na ikiwa kwenye chupa isiyo na lebo mtoto anaona asali. Kostiki ya chenga au ya vidonge vyeupe inafanana na chumvi ya mawe au sukari. Soda ya unga tunayoitumia kupoozea salfoniki nayo ina ukali wake. Haipo karibu na kostiki, lakini inababua mdomo. Tena hivi vitu sokoni Mbuyuni au Kilombero vinapimwa kwenye mifuko isiyo na maandishi, na muuzaji mmoja akisema magadi anamaanisha yale ya kuivishia makande, mwingine soda ya kufulia, mwingine kostiki kabisa. Ukinunua, muulize kinatumika kwa kazi gani, na uandike mwenyewe juu ya mfuko kabla hujaondoka.

Sabuni mbichi, ambayo salfoniki na soda havijawiana, inaweza kuwa na asidi iliyobaki au soda iliyozidi. Karatasi za kupimia pH zinapatikana. Sabuni ya vyombo iwe kati ya 7 na 9. Ikisoma 11 isitoke kwenye ndoo. Kwa hiyo mtu akimeza sabuni ya kienyeji na mtengenezaji anajulikana, mpigie aseme aliweka nini. Ni taarifa ambayo hospitali haiwezi kuipata kwenye lebo.

Muuguzi_Rau

Umeongea vizuri fundi. Niongeze kwa sabuni yenyewe: shida yake ni povu. Mtoto aliyekunywa sabuni ya vyombo halafu akajazwa maji atatoa povu, na povu likiteleza kwenye njia ya hewa anapaliwa. Futa mdomo, mpe vijiko viwili vitatu vya maji, umwache tumbo litulie. Anaweza kutapika au kuharisha kidogo. Sabuni ya unga ni kali zaidi kuliko ya vyombo. Hiyo angalia udenda na sauti.

Sasa kostiki. Hapa naomba utulivu, maana makosa ni mengi. Kostiki inayeyusha nyama na kuzama ndani, na kazi hiyo inaanza ndani ya sekunde. Ukifika na ndimu, siki au Coca-Cola "kupooza", unaongeza joto la mgongano juu ya kidonda na hupoozi chochote. Kazi yako ni kufuta chenga zilizoganda kwenye ulimi na midomo, kusukutua, na kama ni dakika chache tu zimepita, anameza bila shida na anapumua vizuri, mafunda machache ya maji au maziwa. Baada ya hapo asile wala asinywe chochote mpaka aonwe, kwa sababu huenda akaingizwa kamera ya kooni, na inafanywa vizuri zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo. Ukimshibisha uji njiani, umeichelewesha.

Usidanganywe na mdomo msafi. Mtu anaweza kuwa na ulimi wa kawaida na umio umeungua. Ukiona mawili kati ya haya matatu, yaani kutapika, udenda na mkoromo wakati wa kuvuta hewa, chukulia kwamba ameungua ndani. Salfoniki, maji ya betri, dawa ya choo yenye asidi na dawa ya kulainisha nywele ya saluni, ambayo nayo ina ukali wa kostiki, vyote vishughulikiwe hivyo hivyo.

Kijana_UngaLimited

Mkuu, mafuta ya taa je? Huku wengi bado tunapikia jiko la mchina. Na mafundi wa pikipiki wananyonya petroli kwa mpira kila siku, wanatema, wanaendelea na kazi.

Tabibu_BomaNgombe

Hili nalichukua mimi, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Watu wanaogopa mafuta ya taa kwa sababu ya tumbo. Tumboni hayana shida kubwa, yanaleta kichefuchefu, kucheua na harufu. Hatari iko mapafuni. Mafuta ya taa ni mepesi mno, yanatambaa kuliko maji. Yakigusa kilango cha hewa wakati wa kupaliwa au kutapika, yanasambaa kwenye vifuko vya hewa na kuosha ule utando unaovifanya visinywee. Mapafu yanavimba bila kidudu chochote. Kiasi kinachotosha kufanya hivyo hakifiki hata robo ya kijiko cha chai. Ndiyo maana oili nzito ya gari au grisi haitutishi kama mafuta ya taa, petroli, thina na tupentaini: nzito haipenyi kirahisi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mama ni kama mtoto alikohoa au kupaliwa wakati ule ule, na siyo alikunywa kiasi gani. Kama alikohoa, mafuta yameshaonja mapafu.

Nyumbani: mketishe wima au umbebe begani. Usimtapishe kwa namna yoyote. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala mkaa, kwa sababu kila kinachojaza tumbo kinakaribisha kutapika. Vua nguo zilizolowa mafuta na umwoshe kwa sabuni, maana mvuke anauvuta kutoka kwenye shati lake mwenyewe na ngozi inababuka. Hamishia koroboi na jiko mbali kabla hujaanza, nguo hizo zinashika moto.

Kisha hesabu pumzi. Mfunue kifua, tazama kinavyopanda kwa dakika 1 kamili kwa saa, akiwa ametulia halii. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka. Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea kwa ndani, pua zikitanuka, au akiguna kila akitoa hewa, anahitaji oksijeni na anaihitaji sasa. Hapo usipite kituo cha karibu chenye oksijeni kwa sababu tu unataka hospitali ya rufaa ya KCMC. Kutoka Sanya Juu, Monduli au Longido, mtoto aanze kupata hewa, rufaa ifuate.

Hospitali atawekwa chini ya uangalizi saa 6. Asiyekohoa, asiye na homa, anayepumua kawaida na kipimo cha kidoleni kikionyesha oksijeni nzuri kwa saa zote hizo, kwa kawaida anaruhusiwa. Eksirei ya kifua ikipigwa mapema mno inaweza kuonekana safi wakati mapafu yanaanza kuvimba, kwa hiyo msishangae ikisubiriwa au kurudiwa. Homa ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya huo uvimbe, na antibayotiki haimsaidii mtoto asiye na maambukizi. Kumwosha tumbo kwa mpira hatufanyi, na mzazi asilazimishe.

Kijana wangu, mafundi wa kunyonya petroli wako kwenye hatari hiyo hiyo. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta ipo kwenye maduka ya vipuri. Aliyepaliwa akaanza kikohozi na maumivu ya kifua jioni yake asimeze dawa za mafua, aende akapigwe picha.

Pembejeo_Ngaramtoni

Wakuu, niseme kuhusu dawa za shamba na za ng'ombe, maana kwa wakulima wa nyanya, vitunguu na kahawa huku kwetu zinakaa chini ya kitanda.

Kopo halali lina utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, kisha bluu, kijani mwisho. Kijani nacho si cha kunywa, lakini rangi hiyo inampa daktari picha haraka, pamoja na jina la kiambato na namba ya usajili kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao hapa hapa Ngaramtoni. Kasoro inaanzia kwenye kupimiana. Mtu ananunua mililita 50 kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kila kitu kilichoandikwa kinabaki dukani.

Dalili za zile kali za wadudu: mate na machozi yanamiminika, jasho, kuharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza, mapigo yanaenda polepole, kifua kimejaa makohozi. Huyo anahitaji atropini ya sindano, na hakuna maziwa yanayoifikia. Anayemshika avae glavu au afunike mikono, kwa sababu dawa inapita kwenye ngozi na matapishi yake yanayo pia. Mvueni, mwosheni kwa sabuni kama gari bado halijafika, lakini gari likifika ondokeni.

Dawa za kuogeshea mifugo zenye amitrazi zinafanya tofauti: anasinzia, anakuwa baridi, moyo unapungua mwendo. Familia inasema "kalala tu". Asiachwe alale.

Dawa ya panya ya machinga isiyo na pakiti ichukuliwe kuwa mbaya mpaka ijulikane. Zile za vipande vya nta vya pinki, bluu au kijani nyingi huzuia damu kuganda, na mtoto aliyemeza punje chache huonekana mzima kabisa. Damu ya fizi, ya pua au michubuko huja baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo atapimwa kuganda kwa damu kama saa 48 baadaye, na dawa yake, vitamini K, ipo. Unga wa kijivu au mweusi wenye harufu kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza ni jambo jingine: ukikutana na asidi ya tumbo unatoa gesi. Fungueni madirisha ya gari, na msiyanuse matapishi.

MwalimuChekechea_Njoro

Naomba majibu ya haraka kwa vile vidogo vya darasani: chaki, kalamu ya rangi, mshumaa, njiti ya kiberiti, koili ya mbu, na vile vipakiti vyenye chembe ndani ya boksi la viatu.

Mfamasia_Mianzini

Mwalimu, vyote ulivyotaja kwa kiasi cha kulamba au kutafuna kidogo havina sumu ya kutisha. Mfute, mpe maji, endelea na kipindi. Vile vipakiti vya viatu hatari yake ni kukaba koo. Koili ina dawa kidogo sana, ila kipande kikubwa kinaweza kumpalia. Dawa ya mbu ya kupuliza isome pamoja na mafuta ya taa aliyoeleza tabibu, kwa sababu mara nyingi ndani yake kuna mafuta mepesi.

Kitakasa mikono usikiweke kwenye kundi hilo. Kina pombe asilimia 60 hadi 80, na kwa mtoto mdogo pombe inashusha sukari ya damu mpaka degedege. Funda zima kwa mtoto wa miaka miwili, mpe chai au uji wenye sukari akiwa macho, na uende akapimwe sukari. Spiriti na gongo ni hivyo hivyo.

Vidonge vya kuongeza damu. Hivi vinanisumbua kuliko jiki. Ni vyekundu, vitamu kwa nje, mama anapewa kliniki na anaviweka kwenye mkoba. Kidonge kimoja kina kama miligramu 60 za madini ya chuma. Madhara yanaanza kwenye miligramu 20 kwa kila kilo, maana yake mtoto wa kilo 10 anafika hapo kwa vidonge 3 au 4. Anatapika na kuharisha, pengine damu, ndani ya saa 6. Kisha anatulia, anacheza, watu wanarudi nyumbani. Utulivu huo ni wa uongo. Ini na mzunguko wa damu vinaweza kuanguka siku inayofuata. Hesabu vilivyobaki kwenye pakiti na useme idadi. Panadol nayo ina tabia hiyo ya kukaa kimya siku ya kwanza, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Mangi_Kibosho

Daktari, huku mgombani tunatwanga mkaa tunakoroga na maji, na wazee wanaongeza yai bichi au mafuta ya kula. Mkaa nasikia hata hospitali wanao.

Mfamasia_Mianzini

Shikamoo mzee kama umenizidi. Mkaa wa hospitali umechomwa na kutengenezwa kwa mvuke mkali mpaka ukawa na matundu yasiyohesabika. Hayo matundu ndiyo yanayokamata sumu. Wa jikoni hauna, na vumbi lake likiingia mapafuni ni tatizo jipya. Hata ule wa hospitali hutolewa gramu 1 kwa kilo, vizuri zaidi ndani ya saa 1, kwa baadhi ya sumu tu. Haukamati madini ya chuma, pombe, mafuta ya taa, kostiki wala asidi. Ukimpa aliyemeza kostiki, unapaka rangi nyeusi kidonda ambacho daktari alitaka kukiona kwa kamera. Yai na mafuta ya kula vinatapisha, basi.

MamaWawili_Sakina

Na betri ndogo za saa? Midoli ya siku hizi imejaa hizo.

Tabibu_BomaNgombe

Ni dharura kubwa kuliko vyote tulivyotaja leo, hasa ile bapa ya milimita 20 ya volti 3, inayokaa kwenye rimoti na mizani. Ikikwama kwenye umio, mate yanakamilisha saketi na upande wa hasi unatengeneza ukali kama wa kostiki. Ndani ya saa 2 nyama inaungua, hata kama betri "imeisha".

Nendeni kwenye hospitali yenye eksirei moja kwa moja. Mkiwa njiani, mtoto aliyezidi mwaka 1, anayemeza bila shida, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali inafunika betri na kupunguza uunguzaji. Msisimame kuitafuta. Chakula kingine hapana. Kwenye picha betri inaonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na sarafu haionyeshi hivyo. Mwombeni mpiga picha aangalie.

Dereva_Majengo

Kwa sisi tunaobeba hawa wagonjwa, mtupe mwongozo. Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, je? Wengine wanapita polisi kwanza.

Muuguzi_Rau

Kaka, dharura hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Usipitie polisi na mtu anayekoroma.

Aliyelegea asipandishwe bodaboda. Shingo inakunjika mbele na njia ya hewa inajifunga bila dereva kujua. Bajaji au gari, mtu mmoja nyuma naye, amelala ubavu wa kushoto. Wa mafuta ya taa aliye macho akae wima. Anayepata degedege asiwekewe kijiko mdomoni. Pigeni simu mnakokwenda, iwe Mawenzi, Mount Meru, KCMC au hospitali ya karibu yenu kama Kibosho, Machame au Huruma, mkitaja kitu, kilo na saa.

Kama ni mtu mzima aliyekunywa kwa makusudi, msimgombeze wala kumficha. Ondoeni kilichobaki, asiachwe peke yake hata msalani, na hospitali mseme ukweli, hata kama kiasi ni kidogo. Aombewe pia mtu wa kuzungumza naye kabla hajaruhusiwa.

Na mkirudishwa nyumbani: wa mafuta ya taa mhesabieni pumzi jioni na asubuhi kwa siku 2, homa au kikohozi kikizidi mrudi. Wa naftalini tazameni rangi ya mkojo siku 3. Wa dawa ya panya msikose kipimo cha saa 48. Wa kostiki anaweza kula vizuri wiki ya kwanza, kisha kuanzia kama wiki ya 3 akaanza kukataa ugali, akaomba uji, baadaye hata uji ukagoma. Hapo umio unakaza kovu, na unapanuliwa kirahisi zaidi ukiwahiwa. Mrudisheni siku hiyo hiyo mnayoona anachagua laini, hata kama tarehe ya kliniki ni mwezi ujao.